Kumsimamisha Baba Maulidini

Watu wakipanga shughuli kubwa, huanza na pilau. Mimi huanza na choo. Ndiyo kazi yangu. Mimi ni afisa afya, nimekaa Kibaha miaka mingi kuliko niliyokaa kwetu, na kama umewahi kuwa kwenye kamati ya mkutano au tamasha upande huu wa Pwani, huenda unamjua yule mama anayekaa kiti cha nyuma, anawasubiri wenzake wamalize kubishana rangi ya sare, halafu anauliza: watu hao wote watajisaidia wapi? Watanawa kwa maji gani? Mtu akianguka kwa jua, gari litaingilia wapi, maana hapo mlipoweka jukwaa ndipo penye njia? Basi huyo mama ni mimi. Nimeitwa mama vyoo, nimeitwa mama nuksi, na nimeitikia yote.

Sipendwi sana kwenye vikao, na wala hilo halinikoseshi usingizi. Nimeshaona umati ukibanana kwenye geti moja kwa sababu geti la pili lilifungwa na mtu aliyekwenda kula na ufunguo mfukoni. Siku zile watu walipokuwa wakimiminika Soga kuitazama treni mpya, mimi nilikuwa juani na ndoo zangu za maji tiririka, nawapigia kelele waliotaka kupiga picha katikati ya reli. Jioni sauti ilikuwa imekauka kabisa. Hakuna aliyenishukuru, kwa sababu hakuna lililotokea, na kwenye kazi yangu siku ambayo hakuna lililotokea ndiyo sikukuu.

Kwetu hasa ni Kisarawe. Ukifika mjini pale penye maofisi, unashika njia ya vumbi kuelekea Msimbu, katikati ya mikorosho na mashamba ya mihogo. Msikiti wetu husoma maulidi ya mchana kila mwaka, na watu huja kwa malori kutoka vijiji vya mbali, wakiimba njia nzima. Baba yangu alikuwa kiongozi wa wapiga dufu wa maulidi hayo tangu sijazaliwa. Yeye ndiye aliyekuwa akizipasha ngozi motoni mpaka zikaze. Analiinamia dufu moja baada ya jingine, anagonga kwa kidole, anasikiliza. Ngozi ikiwa bado, anatikisa kichwa, inarudi motoni. Nilipokuwa mdogo niliamini kabisa kwamba lile dufu linamwambia kitu, na kwamba siku moja na mimi litaniambia.

Sasa kumbukumbu imemponyoka. Haikuondoka kwa kishindo. Alianza kuniita kwa jina la mama yake, akidhani ndiye mimi, na kwa kuwa ndilo jina langu, hakuna aliyeshtuka. Baadaye akawa anatia chumvi kwenye chai. Baadaye tena akawa anamuuliza shangazi, mdogo wake anayeishi naye, mkewe, yaani mama yetu sisi, amekwenda wapi, na mama ametangulia mbele ya haki siku nyingi. Mwanzoni shangazi alikuwa anamwambia ukweli, na kila mara baba alikuwa analia upya. Siku hizi anamwambia amekwenda kisimani, na baba anasema, haya, akirudi aniambie.

Niseme jambo moja juu yake, kwa sababu bila hilo mengine hayataeleweka. Nilisoma Kibaha, shule ya bweni. Kila likizo, nilipokuwa narudi nyumbani kwa mzunguko ule wa kupitia jijini, Pugu, kisha kuupanda mlima wa Kisarawe, baba alikuwa ananisubiri barabarani kwenye njia ya kuingilia kijijini kwetu. Mfukoni mwa kanzu alikuwa na muhogo wa kuchoma, umefungwa kwenye gazeti. Gari likichelewa, muhogo ulikuwa unapoa naye anasimama tu. Hata nilipokuwa mtu mzima na mshahara wangu, hata nilipoota mvi, aliendelea kunipokea mpaka miguu ilipomkataza. Nilikuwa namkemea. Nikamwambia, "Baba, mimi si mtoto, unasimama juani bure." Akanijibu, "Utoke mbali kote huko, ushuke ukute barabara tupu? Haiwezekani."

Mwaka jana kaka yangu, ambaye ni mwenyekiti wa kamati ya maulidi, aliniita nisimamie upande wa afya na usalama. Nadhani alichoka kunisikia nikilalamika baada ya shughuli akaona bora nilalamike kabla. Nilikuja mapema, siku moja kabla. Nikayahamisha mafiga ya wapishi yakawa mbali na maturubai. Malori nikayawekea upande wake na njia ya kupita gari la wagonjwa nikaizungushia kamba, na yeyote aliyeegesha pikipiki pale alinijua mimi ni nani. Watoto waliopotea nikawawekea kibanda chenye kivuli, maji na biskuti. Wote walipatikana. Mmoja alipotea mara mbili, na mara ya pili nilimwona mwenyewe akija kibandani kwa miguu yake kufuata biskuti.

Nilikuwa najipongeza moyoni shangazi aliponijia, mtandio umemteleza kichwani. "Baba yako hayupo," akasema. "Nimesimama na wenzangu wakati wa kiyamu, nimekaa chini, mkeka uko mtupu."

Kwa asiyejua, kiyamu ni pale msomaji anapofika kwenye habari za kuzaliwa kwa Mtume. Watu wote husimama, maelfu ya kanzu na mabuibui kwa pamoja, wanaimba, marashi yananyunyizwa, wengine wanalia. Ni wakati mzuri kuliko yote katika siku ile.

Nilimkimbilia kaka. Nikamwambia atangaze kwenye kipaza sauti kwamba mzee amepotea, aseme kavaa nini, aseme ana matatizo ya kumbukumbu, anayemwona amshike. Kaka akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Baba nimtangaze kama mtoto? Amepotea, ashikwe? Mbele ya watu waliokuwa wanafuata dufu lake?" Akachukua kipaza sauti, akakohoa, akasema kwa heshima zote, "Mzee wetu mpendwa, kiongozi wetu wa dufu, popote alipo, anaombwa asogee jukwaa kuu." Umati ukafurahi. Waliokuwa karibu nami wakawa wananyoosha shingo kutazama mzee anakwenda kupewa zawadi gani. Maji yalinifika shingoni. Mimi mwanamke siwezi kupanda jukwaani mbele ya masheikh nikampokonya kaka yangu kipaza sauti, ingawa mikono ilikuwa inaniwasha.

Tukatoka kumtafuta. Na hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna semina iliyowahi kunifundisha. Kila tuliyemuuliza njiani alikuwa amemwona. Mama wa vitumbua alimwona. Vijana wa bodaboda walimwona. "Tumemwona mzee, tumemwamkia!" wakasema, tena kwa kujisifu. "Tumesema shikamoo, katuitikia marahaba, vizuri kabisa, katuuliza na hali ya nyumbani." Nikawauliza, hamkumuuliza anakwenda wapi peke yake katika jua hili? Wakanishangaa. Kijana mmoja akanijibu kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni, "Mama, mzee mzima unamuulizaje anakokwenda? Si utovu wa adabu huo?"

Nilitaka kumrushia kiatu, lakini alikuwa anasema kweli. Ndivyo tulivyolelewa. Mzee anapita, unamwamkia, unampisha. Marahaba ya baba yangu ilikuwa bado haijaharibika hata kidogo, na kwa marahaba hiyo alipita mbele ya watu wote wale walionyooka kwa heshima, akaenda zake na kupotea.

Tulimkuta kwenye boma la familia moja ya wafugaji waliohamia kutoka kaskazini, mbali kidogo na njia ya kwendea barabarani. Amekaa kwenye kigoda kivulini, kikombe cha maziwa mkononi, mbele yake sufuria la maji ya moto na kuku wanaonyonyolewa. Alikuwa ametulia kuliko sisi wote. Mama wa boma lile akainuka kutupokea. "Mzee katusaidia sana," akasema. "Tuna wageni Waislamu leo, wanapita kwetu wakitoka kwenye maulidi, na sisi hatuna wa kutuchinjia. Tumeona kanzu inapita, tumemwita, mzee, tafadhali tuchinjie. Kakubali palepale. Sasa anasema hawezi kuondoka mpaka aone wamenyonyolewa sawasawa."

Nikamuuliza kama walimpa kisu mkononi. Akasema ndiyo, na kwamba alikijaribu makali kwa kidole gumba akakirudisha kinolewe tena. Kibla hakuuliza. Aligeuka mwenyewe, akasoma bismillahi, akamaliza kazi yake kwa usafi. Nilikaa chini pale pale vumbini nikalia mbele ya wageni wale, na wala sikuona haya. Baba akanitazama, akamwambia yule mama, "Mpe na huyu maziwa."

Usiku kaka alikata shauri. Mwakani baba atabaki ndani, na mlango utawekewa komeo kwa nje. Shangazi alikuwa anakunja khanga yake na kuikunjua. Mimi nilipandisha mori. Nikamwambia kaka kwamba mlango wenye mtu ndani na komeo nje mimi siupitishi, hata ndani akiwa mbuzi, achilia mbali nyumba iliyo hatua chache kutoka kwenye mafiga ya kupikia pilau la kijiji kizima. Akaniambia nisimletee maneno ya ofisini. "Alikuwa anaelekea barabarani," akasema. "Malori yale. Wewe umeyaona malori yale." Na kweli nilikuwa nimeyaona.

Mwaka ukapita. Kila nilipokwenda kuwatazama, nilimkuta baba barazani, vidole vinagonga ubao wa benchi. Mapigo yalikuwa yale yale ya maulidi. Alisahau kama amekula, lakini mapigo hayakumponyoka. Akinisikia naingia alikuwa anauliza, "Maulidi lini?" Nikimjibu, anauliza tena. Mwezi wa maulidi ulipokaribia, shangazi akanipigia simu kuniambia kwamba baba ametoa kofia yake ya kiua sandukuni, anaifua kila siku, anaianika, anaifua tena. Mtu wa namna hiyo unamfungia komeo gani? Nilikwambia sipendwi kwenye vikao. Basi kwa kikao kile nilijipanga nisipendwe kabisa.

Nikawaambia kamati: baba atakuja, na hatatoka nje ya uwanja. Kaka akasema, na akitoka? Nikapiga moyo konde nikamjibu kwamba akivuka kamba ya nje, hata kwa unyayo mmoja, mwakani na miaka yote itakayofuata sitafungua mdomo, komeo liwekwe. Kaka akakubali. Kumbe komeo alikuwa ameshalinunua, liko nyumbani kwake kwenye mfuko wa plastiki.

Mpango wangu niliuazima kwa yule mama wa boma la wafugaji, wala sikumficha mtu. Baba hasimami kwa swali. Ukimuuliza unakwenda wapi anaona umemvunjia heshima, anakupita. Lakini mwambie una haja naye, atasimama hata kama nyumba inaungua. Amesimama namna hiyo maisha yake yote. Kwa hiyo kila penye njia ya kutokea nikaweka mtu, na kila mtu nikampa shida. Nikawakataza kabisa, nikarudia mpaka wakacheka: mtu yeyote asimuulize anakwenda wapi. Mwamkieni, halafu mwombeni kitu anachokijua.

Njia ya upande wa kisimani nikawaweka watoto wa madrasa, wamwombe awasikilize kaswida. Upande wa wapishi, mpishi mkuu alikula kiapo kwamba hatapakua sinia hata moja kabla mzee hajaonja chumvi, na kwa kuwa mpishi yule ana kiburi cha kutosha, nilijua imemgharimu. Njia ya kuelekea barabarani ndiyo niliyoiogopa. Hapo nikahamishia moto wa kupashia madufu, nikamweka shangazi mwenyewe. Kamba nikaivuta pale, nikaifunga kitambaa chekundu.

Siku yenyewe ilianza vizuri mpaka nikaogopa. Mimi nilikuwa kwenye turubai la huduma ya kwanza, nimevaa reflekta juu ya baibui, barakoa usoni kwa sababu ya vumbi la malori, na kila nikiinua macho namwona baba akifanya kazi. Anainuka mkekani, anaiendea njia ya kisimani, watoto wanamzunguka, anasimama anawasikiliza mpaka mwisho, anamsahihisha mmoja, anarudi amesahau alikokuwa anakwenda. Anainuka tena, anaonjeshwa pilau. Nilimwona akitikisa kichwa, na mpishi mkuu akaongeza chumvi huku amenuna. Kwenye moto wa madufu alikaa muda mrefu. Vijana wapya walimpelekea dufu baada ya dufu, naye analiinamia, anagonga, anasikiliza. Shangazi alinipungia mkono kwa mbali, meno yote nje. Kaka alipita karibu nami akasema, "Hata sisi hatujawahi kufanya kazi hivyo." Nikamwambia aondoe pikipiki ya shemeji yake njiani.

Halafu msomaji akafika kwenye kiyamu.

Nilisikia watu wakiinuka, ule mvumo wa nguo nyingi kwa pamoja, na papo hapo nikaliona kosa langu. Nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa hilo. Mwaka jana aliondoka wakati wa kiyamu, niliambiwa kwa maneno hayo hayo, na bado nilikuwa nimewaweka walinzi Waislamu kwenye kila njia. Sasa wote wamesimama, wote wameelekea mbele, wanaimba. Watoto wa madrasa wanaimba. Mpishi mkuu ameshika mwiko kifuani anaimba. Shangazi pale kwenye moto amefumba macho, machozi yanamtiririka, na nyuma ya mgongo wake kofia ya kiua inakwenda taratibu kuelekea kwenye kitambaa chekundu.

Kupiga kelele katika kiyamu haiwezekani. Nilizunguka nyuma ya malori, nikashika baibui magotini, mtu wa umri wangu, nikakimbia. Nilifika kwenye kamba naye anafika. Tukawa uso kwa uso. Mkono wake ulikuwa umeshaishika ile kamba, anataka kuiinua apite chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

Aliniangalia kwa heshima, kama anavyomwangalia mtu yeyote. Hakunijua. Barakoa, reflekta, au ule ukungu wake, sijui ni kipi. Nami, niliyewakataza watu wote, niliyewafanyisha mazoezi, nikakosa cha kumwomba. Nikauliza lile lile swali.

"Baba, unakwenda wapi?"

Nilidhani atanipita. Lakini alisimama, akainamisha kichwa kidogo kama vile analisikiliza dufu. Nadhani katika muda wote ule hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mwaka jana walimstahi, mwaka huu niliwakataza mimi.

"Nakwenda hapo barabarani," akasema. "Leo maulidi, binti yangu anakuja. Anatoka Kibaha. Miye huwa nampokea."

Nyuma yetu walikuwa bado wanaimba. Nilikuwa nimefika tangu jana yake, na mwaka jana pia nilikuwa nimefika siku moja kabla, nazunguka na kamba zangu na ndoo zangu, na yeye ananikosa mkekani, anainuka kunifuata.

"Nipishe, mwanangu," akasema. "Gari likifika atashuka akute barabara tupu."

Nikavua barakoa. Haikusaidia. Akanisubiri nimpishe, kwa subira, mkono bado kwenye kamba. Ndipo nikapata cha kumwomba, na sikukitunga, kilinitoka chenyewe.

"Kabla hujaenda, baba, mwombee dua binti yako afike salama."

Akaiachia kamba palepale. Akainua mikono, viganja juu, vidole vile vimepinda kwa uzee na ngozi za dufu, na akaomba. Aliniombea safari njema. Aliniombea afya na kazi yangu, akasema binti yake anafanya kazi ya watu wengi, Mungu ampe nguvu na watu wamsikilize. Akasema alimkemea mara nyingine kwa kuchelewa na amemsamehe, naye kama ana kinyongo amsamehe. Aliomba kirefu kama wanavyoomba wazee, na mimi nimesimama mbele yake naitikia amina, amina, mpaka kiyamu kikaisha na watu wakaketi.

Nilipogeuka nilimwona kaka amesimama karibu na moto wa madufu pamoja na shangazi. Sijui walikuwa wamesikia kuanzia wapi. Kaka aliitazama miguu ya baba na ile kamba, akaona miguu iko ndani. Kisha akaenda akaleta viti, akaviweka pale pale kwenye njia, vimeelekea barabarani, akaondoka. Komeo lile siku hizi liko kwenye banda lake la kuku.

Tukakaa, baba na mimi, tukawa tunaitazama njia. Baada ya kitambo akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu akatoa gazeti limekunjwa. Ndani yake mlikuwa na muhogo wa kuchoma, umepoa kabisa. Shangazi hakujua aliuchoma saa ngapi. Baba akanitazama, akaona pengine nimekuwa nikilia, au nimesimama sana juani.

"Ni wa binti yangu huu," akasema, "lakini na wewe onja."

Akaumega. Kipande kidogo akanipa mimi, na kile kikubwa akakifunga tena kwenye gazeti, akakirudisha mfukoni.